Saluni ya mlango wa kijani Nyawera, na Fernando Colunga kuanzia mwanzo

Siku ya kwanza niliingia pale kwa sababu ya mvua. Nilikuwa natoka soko la Nyawera na kitenge cha mteja ndani ya sashe, matope yameanza kuteremka kutoka juu kama yanavyoteremka hapa kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, na mlango wa kwanza uliokuwa wazi ulikuwa ule wa kijani. Ndani kulikuwa na wanawake saba na hakuna aliyegeuka kuniangalia. Mwenye saluni alikuwa amesimama nyuma ya kiti, vidole vinasuka, macho kwenye televisheni, na mdomo unatoa Kifaransa cha mle ndani na kukigeuza Kiswahili bila kupumzika. "Sasa amejua. Amejua kila kitu. Musimuangalie bibi, mumuangalie bwana." Mama mmoja mzee aliyekuwa akingoja zamu yake akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Eh, baba."

Mvua ilikatika. Sikuondoka.

Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani yangu Kadutu mwaka wa 17 huu. Tangu siku ile nimerudi pale mara tano, na wenzangu wananiuliza kwa nini napanda moto, yaani pikipiki, kutoka Kadutu kwenda kusukwa Nyawera wakati wasusi wamejaa kwetu. Naandika jibu hapa mara moja, lisomwe na wote.

Kwanza kazi yenyewe. Rasta ndogo ni dola 10, kubwa ni dola 6, meshi, yaani nywele za bandia, unaleta mwenyewe au unanunua pale kwake. Ukilipa kwa faranga anapiga hesabu ya siku hiyo bila kukupunja. Wasusi ni watatu pamoja naye. Mistari yake ni myembamba na imenyooka, na nywele hazifumuki kabla ya wiki sita. Zangu za mwezi wa tatu zilifika wiki ya nane. Ila mbele, pale kwenye kipaji, yule msusi mdogo anakaza mno. Nilirudi nyumbani mara ya pili na vipele na sikulala vizuri siku mbili. Nilimwambia mwenye saluni, akaniita nikae tena, akalegeza mstari wote wa mbele bila kudai kitu. Kwa hiyo ukikaa, sema mapema: "Yaya, mbele polepole." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Watakusikia.

Hayo unaweza kuyapata hata kwingine. Kile ambacho hukipati kwingine ni televisheni yake na namna anavyoitumia.

Saluni nyingi za hapa zina novela, yale maigizo marefu ya mapenzi ya televisheni. Dekoda inawashwa asubuhi, inapiga kelele hadi jioni, mtu anaingia katikati ya kilio na kutoka katikati ya harusi, hajui nani ni mtoto wa nani. Mama huyu aliona wateja wake wanamtaja mtu mmoja kwa majina tofauti. Mmoja anamwita Luis Fernando, mwingine Carlos Daniel, wa tatu anaapa kwamba yule ni José Armando, wanabishana mpaka kichana kinaanguka. Wote walikuwa sahihi. Ni Fernando Colunga, mwigizaji wa Mexico, na majina hayo ni ya watu aliowacheza. Ndipo mama akaamua: tangu mwezi wa pili, Jumanne hadi Jumamosi, ataonyesha kazi za huyu mtu peke yake, kwa kufuata miaka, kutoka ujana wake hadi sasa. Mdogo wake alimletea flashi kutoka Kinshasa. Haonyeshi kila sehemu, maana novela moja inaweza kuzidi sehemu 100. Anachagua tatu au nne kwa siku, na zilizobaki anazisimulia kwa mdomo huku anapasua nywele.

Na anasimulia vizuri. Niliposikia mwanzo wa maisha ya Colunga nilikuwa nimeinamisha kichwa, shingo inauma, natazama simenti tu, lakini niliona kila kitu. Alizaliwa Jiji la Mexico tarehe 3 Machi 1966. Alisomea uhandisi wa ujenzi, yaani angekuwa mtu wa madaraja na saruji. Akafanya kazi ya kuhudumia vinywaji kwenye baa. Mwaka 1988 ilikuwa inatengenezwa novela inayoitwa Dulce desafío, na mwanamume mkuu mle alikuwa Eduardo Yáñez. Colunga akaingia kama mtu wa kumbadilisha Yáñez kwenye matukio ya hatari. Pale pa kuanguka, pa kurushwa, pa kuumia, anaingia yeye, na kamera inakaa mgongoni ili uso wake usionekane.

Mama alisimamisha mikono hapo. Akasema, "Sehemu hiyo sina kwenye flashi. Na hata kama ningekuwa nayo, hamungemuona. Ile njo ilikuwa kazi yake, asionekane."

Niliacha kusikia maumivu ya shingo. Mimi nimeshona miaka minne chini ya fundi mwingine, mikunjo na vifungo, na mteja akija kuchukua nguo anamshukuru yule aliyeketi mbele. Sina chuki naye, alinifundisha. Lakini najua maana ya kuwa mgongo wa mtu.

Sasa sikiliza hili, ambalo lingenipita kama si kufuata miaka. Msichana mkuu wa Dulce desafío alikuwa Adela Noriega. Ukifika 2003, kwenye Amor real, anayeolewa na Colunga ni Adela Noriega huyohuyo. Miaka 15 katikati. Kijana aliyekuwa akianguka mahali pa mwingine sasa ndiye amesimama kanisani uso kwa uso na yule yule dada, na kamera iko usoni pake. Mama alipolisema, saluni nzima ilipiga ulimi. Mimi nilitaka kulia na sikuona haya.

Kati ya hapo kuna ngazi, naye anaipanda moja moja. Alipata mafunzo kwenye shule ya uigizaji ya Televisa, kampuni kubwa ya televisheni ya Mexico. Mwaka 1992 yumo kwenye María Mercedes, na 1994 kwenye Marimar, zote za Thalía, mwimbaji na mwigizaji wa Mexico, lakini ukiangalia haraka utampita. Kwenye Marimar mwanamume wa mbele ni Eduardo Capetillo; Colunga ni mtu wa pembeni tu. Mama anasimamisha picha na kumwonyesha kwa mpini wa kichana: "Ule pale. Ule mwenye amenyamaza." Mwaka unaofuata, 1995, inaanza María la del barrio, na sasa Thalía ni wake yeye. Binti aliyekuwa akiokota takataka anachukuliwa na nyumba ya matajiri, na Luis Fernando, mtoto wa nyumba hiyo, ndiye huyu Colunga. Nilikuwa bado nasoma nilipoiona mara ya kwanza, kwa jirani mwenye televisheni, tumesimama dirishani watoto kumi. Wakati ule nilimtazama Thalía peke yake. Safari hii nilimtazama mwanamume, na nikaona kwamba bado hajui mikono yake aiweke wapi. Anaishika kiunoni, anaiweka mfukoni, anaitoa. Ndani ya miaka michache tu inatulia.

Esmeralda, ya 1997, tulipewa siku mbili na zilitosha. Usiku wa tufani mtoto wa kike wa tajiri anadhaniwa amekufa, anabadilishwa na mvulana wa mama maskini, mkunga anamchukua yule msichana na kumlea, naye ni kipofu. Yule mvulana aliyewekwa mahali pake anakuwa José Armando, na ndiye atakayempenda. Leticia Calderón anacheza kipofu vizuri sana. Colunga mle ndani ana kazi ngumu ambayo sikuwa nimeifikiria: anampenda mtu asiyemwona, kwa hiyo uso wake mzuri hauna faida yoyote kwa yule dada, na inabidi kila kitu kipite kwenye sauti. Na sisi hiyo sauti hatuna, tuna ya Kifaransa. Mama alitwambia tuangalie namna anavyosogea karibu kabla hajasema. Kweli, anasogea kwanza, anangoja kidogo, ndipo anafungua kinywa, kama mtu anayebisha hodi.

Kisha La usurpadora, 1998. Hapa saluni ilijaa mpaka nje, watu wamekalia ndoo. Gabriela Spanic ni pacha wawili: Paola, bibi wa nyumba ya Bracho, asiye na huruma, na Paulina, maskini, analazimishwa kukaa mahali pa Paola wakati yeye yuko safarini na wanaume. Colunga ni Carlos Daniel, bwana. Nilikuwa nimeshaiona zamani na nilidhani naijua. Lakini mama alisema jambo ambalo limebaki nami: watu wote wanamsifu Spanic kwa kucheza watu wawili, na anastahili, ila mnasahau kwamba kuna mtu aliyepaswa kuwatazama wale wawili kwa macho mawili tofauti huku akijifanya anadhani ni mmoja. Akatuonyesha sehemu mbili moja baada ya nyingine. Kwa Paola, Colunga ameinua kidevu na macho yanamfuata kwa shaka. Kwa Paulina, kidevu kimeshuka, na kabla akili yake haijajua kitu, mabega yameshajua. Bibi mzee wa nyumba ile ni Libertad Lamarque, mwimbaji na mwigizaji mkubwa wa Argentina, wakati huo amekaribia miaka 90. Paola alikuwa akimpa pombe mama huyo kizee ili akae kimya. Sehemu ambapo Paulina anamnyang'anya chupa kwa upendo, mwenzangu niliyekaa naye alilia hadi msusi akamwomba anyamaze ili mstari usipinde.

Nije kwenye ile iliyonikuta siku ya mvua, Amor real, kwa sababu kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo nimeirudia. Ni habari ya karne ya 19. Familia ya Matilde ina jina lakini haina kitu tena, madeni yamewafika shingoni. Matilde anampenda mwanajeshi, Adolfo. Mama yake anamtenganisha naye kwa uongo na kumwoza kwa Manuel, daktari aliyerithi mali ya baba ambaye hakumzaa ndani ya ndoa. Manuel anampenda kweli, hajui kwamba amelipa madeni ya watu ili apewe binti asiyemtaka. Anakuja kujua akiwa ameshaoa.

Unaweza kuwaza mazungumzo yaliyotokea Nyawera. Hapa kwetu mahari ni mahari, ng'ombe wanahesabiwa, hata kama siku hizi ng'ombe ni bahasha ya dola. Msusi wa tatu, ambaye huwa hasemi, aliuliza, "Sasa ile ni mahari ama ni deni?" Hakuna aliyemjibu haraka. Yule mama mzee akasema mahari inamheshimu binti na deni linamfunga. Mwingine akasema kuna nyumba hapa hapa Bukavu ambapo hujui tofauti. Mama mwenye saluni hakukata maneno yao. Alisimamisha picha dakika kumi nzima, akasuka, akawaacha waongee. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wanawake na sijasikia jambo hilo likizungumzwa kwa ukweli kama pale.

Na mimi kama fundi niliona nguo. Nguo za Matilde zina upana ambao mtu haupati bila vitambaa vingi na mikono mingi. Lakini nilitazama zaidi makoti ya Colunga. Koti la aina ile limebana begani na kola imesimama. Mtu asiyelizoea anakuwa kama mlango, anageuka mwili mzima. Yeye anageuka shingo tu, koti linabaki mahali pake. Akipanda farasi halijikunji mgongoni. Hapo nilikumbuka kazi yake ya kwanza. Mtu aliyeanza kwa kuanguka na kurushwa anajua mwili wake ulipoanzia na ulipoishia, na nguo inamtii. Nilimwambia mama hilo, akacheka kwa furaha, akasema hakuwahi kuliona, na Jumamosi iliyofuata nilimsikia akiwaeleza wengine: "Fundi moja wa Kadutu alituonesha."

Alborada ya 2005, pamoja na Lucero, na Pasión ya 2007 ambapo anakuwa hadi mwizi wa baharini, zilipita mbio kidogo. Sikulalamika. Mañana es para siempre ya 2008 nilikuta siku moja tu: kijana aliyedhulumiwa anarudi na jina lingine kutafuta haki, na Lucero aliyekuwa mpenzi wake kwenye Alborada sasa ndiye adui mwenye sumu. Halafu 2010, kwenye Soy tu dueña, Lucero ni mpenzi tena. Ukifuata miaka unaona watu hawa wanavyobadilishana mavazi ya moyo na bado unawaamini.

Porque el amor manda, 2012, inachekesha, na nilishangaa. Colunga anakuwa Chuy, mtu wa kawaida wa ofisini, anakunja uso, anajikwaa. Kina mama wawili walikasirika, wakasema wanataka yule wa farasi. Mimi naona ilimhitaji moyo mkubwa kuuacha uzuri wake mlangoni namna ile, akiwa na miaka 46, baada ya kuitwa mwanamume mzuri karibu miaka 20.

Hapa ndipo nina lawama yangu kwa mwenye saluni, na nimemwambia usoni kwa heshima. Aliruka Pasión y poder ya 2015. Mle Colunga ni Eladio, mume mgumu, mwenye kumdharau na kumtesa mkewe. Mama aliogopa kwamba wateja watachukia, akaenda moja kwa moja kwenye El maleficio, iliyoanza 2023, ambapo mzee wetu ni tajiri aliyefunga mkataba na nguvu za giza. Yaya, usitukatie. Kati ya Pasión y poder na kurudi kwake kwenye novela mwaka 2023 kuna pengo la miaka kama saba, na tukiingia kwenye lile pengo bila kumwona Eladio, hatuelewi kwamba aliondoka akiwa ameshaanza kucheza waume wabaya. Tena wanawake wa Nyawera hawahitaji kufichwa mume kama Eladio. Wengine wanaye nyumbani. Kama Amor real ilifungua vinywa vya watu juu ya mahari, hii ingefungua zaidi.

Jambo jingine la huduma: umeme. Ukikatika, anawasha grupu, yaani jenereta, na anaomba kila mtu atoe faranga 1000 za mafuta. Sioni ubaya, ila libandikwe ukutani, kwa sababu msichana mmoja hakuwa nazo na alitoka na kichwa nusu akaketi nje kwa aibu mpaka tukamchangia. Na viti vya plastiki ni vigumu kwa saa sita. Nenda na kitambaa cha kukalia. Chai anatoa bure, mandazi unanunua.

Nimsifu kwa kitu kimoja ambacho sijakiona kwenye saluni nyingine yoyote. Colunga ni mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake. Kwa miaka mingi hakupenda kuwaeleza waandishi mambo ya nyumbani kwake. Siku moja mteja alianza kusema amesikia hivi, amesikia vile. Mama akaweka kichana chini. "Mwenyewe amenyamaza miaka yote hiyo. Kwangu hapa tunaangalia kazi yake." Na mazungumzo yakarudi kwenye kazi. Katika saluni! Ninyi mnaosukwa mnajua jambo hilo lina uzito gani.

Mara ya tano nilikwenda na mama yangu. Ana miaka 71, Kifaransa hajui zaidi ya bonjuru, na miaka yote amekuwa akitazama novela nyumbani kwa ndugu yangu akikisia. Anauliza, "Huyu analia nini?", na wajukuu wanamwambia nyamaza kwanza, koko, yaani bibi. Pale Nyawera walimweka kiti cha mbele. Maneno yametoka Kihispania, yamepita kwenye Kifaransa, yamefika kwake kwa Kiswahili cha Bukavu, yanatoka juu ya kichwa changu kati ya kichana na meshi. Zilionyeshwa sehemu tatu za La usurpadora ambazo mwenye saluni alirudia kwa ombi la wateja. Mama yangu hakusukwa, nywele zake ni fupi, hakuna cha kusuka. Alikaa saa tano na nusu. Tulipokuwa tunashuka kwenda kutafuta moto, alinishika mkono pale penye utelezi, akaniuliza kama kweli yule kijana alisomea madaraja. Nikamwambia ndiyo, uhandisi wa ujenzi. Akatembea kidogo. Akauliza kama baba yake alikasirika alipoacha.

Hilo sikuweza kumjibu. Nimempigia mwenye saluni kuweka nafasi ya Jumamosi ya pili, saa moja asubuhi, viti viwili. Amesema Pasión y poder ameshaitafuta, na kiti cha mbele atakihifadhi kwa koko.